Kituo cha Ncha ya Kusini: maji yanatoka wapi, na kwa nini yanapimwa kwa dakika?

fundi_koki
Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua Antaktika. Kituo cha Amundsen-Scott, cha Marekani pale Ncha ya Kusini, kimekaa juu ya barafu yenye unene wa karibu mita 2,700. Wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 49 chini ya sifuri. Wakazi wanaruhusiwa kuoga mara mbili tu kwa wiki, dakika mbili kila mara. Barafu yote hiyo iko chini ya miguu yao, sasa kinachobana ni nini? Na mabomba hayagandi?

Kisimani
Mkuu, kinachobana ni mafuta. Piga hesabu: kilo moja ya barafu ya nyuzi 50 chini ya sifuri inakula kama kilojuli 100 mpaka ifike sifuri, halafu 334 nyingine ili iyeyuke. Lita moja ya mafuta ya ndege, ndiyo yanayochomwa kituoni, ina takriban megajuli 35, kwa hiyo hata usipopoteza joto lolote utapata kama kilo 80 za maji. Na kila lita imefika pale kwa ndege za mizigo za LC-130 kutoka McMurdo, kituo cha Marekani cha pwani, au kwa msafara wa matrekta wa kilomita 1,600 hivi. Kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Oktoba hakuna ndege ya kawaida. Kilichomo kwenye matangi ndicho hicho.

Kwa hiyo wanayeyusha barafu kwa joto ambalo jenereta ingelitupa tu. Injini ya dizeli inageuza kama theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa umeme, nyingine inatoka kwenye ekzosi na kwenye maji ya kupoza injini. Joto hilo linahamishiwa kwenye maji ya kisima kupitia kibadilisha joto, bila maji ya injini kugusana na ya kunywa.

Kisima chenyewe kinaitwa Rodwell, kifupi cha kisima cha Rodriguez, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyekijaribu Camp Century, kambi ya jeshi hilo kwenye barafu ya Greenland, karibu na mwaka 1960. Kwanza unatoboa kwa maji ya moto. Theluji ya juu ina matundu na inanyonya maji kama sifongo, hivyo lazima ushuke makumi ya mita, pale ambapo imeshikana vya kutosha kushika maji. Hapo unaendelea kupeleka maji ya moto mpaka lipatikane bwawa, kisha unashusha pampu. Maji yanapanda, sehemu inaingia kituoni, inayobaki inapashwa moto na kurudishwa chini kuyeyusha barafu zaidi. Ni mzunguko usiosimama.

mzunguko_24
Hapo kwenye kusimama ndipo penye hatari. Bwawa limezungukwa na barafu ya nyuzi 50 chini ya sifuri, na linapoteza joto muda wote hata kama hakuna anayefungua bomba. Umeme ukikatika muda mrefu, kinachoziba kwanza ni mpira wa kupandishia maji, kwa sababu una maji kidogo na umepita kwenye baridi kali. Ndiyo maana umefungwa waya wa kupasha joto urefu wote. Waya ukikatika sehemu moja tu, kizibo cha barafu kinatokea hapohapo.

Jambo jingine ni uwiano. Ukivuta kuliko kiasi kinachoyeyuka, bwawa linasinyaa na joto lililohifadhiwa linapungua. Hizo dakika mbili za kuoga zinatoka hapo: lowa, funga, jipake sabuni, fungua, suuza. Kila mwaka bwawa linashuka, pampu inashushwa nalo, mpira unarefuka na joto linalopotea njiani linaongezeka. Baada ya miaka kadhaa inakuwa nafuu kuanza kisima kipya.

fundi_koki
Asante sana wakuu. Kile cha zamani kinafanywa nini? Na hayo maji yako salama?

Kisimani
Cha zamani kinapokea majitaka, yanaganda humo. Itifaki ya mazingira ya Mkataba wa Antaktika, ya mwaka 1991, inaruhusu hivyo kwa vituo vilivyo ndani ya bara, mbali na pwani, pale ambapo hakuna njia nyingine inayowezekana.

Maji ni safi kupita kiasi. Hayana madini karibu yoyote, na maji ya namna hiyo yanakula mabomba ya shaba, kwa hiyo hupitishwa kwenye chokaa na kutiwa klorini. Kwenye sakafu ya kisima hubaki mchanga mwembamba, na ndani yake kuna vimondo vidogo sana vilivyoanguka na theluji ya karne zilizopita. Mwaka 1995 watafiti waliufyonza wakapata hazina ya vumbi la anga.

baridi_kavu
Niongeze tu kwamba si kila kituo kinaweza hivyo. Halley ya Uingereza iko juu ya barafu inayoelea baharini, na kwa miaka mingi watu walijaza tangi la kuyeyushia kwa koleo, kila siku. Theluji huchotwa upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa jenereta, la sivyo masizi yanaishia kwenye chai. Concordia ya Ufaransa na Italia husafisha maji ya bafuni na ya kufulia yatumike tena.

Na kokote bara, usibane maji ya kunywa. Hewa ya nje ikiingizwa ndani na kupashwa inakuwa kavu mno, pua zinatoka damu. Pale Ncha ya Kusini mwinuko ni mita 2,835 na kanieneo ya hewa ni ndogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi. Maharage bila sufuria ya presha hayaivi upesi.