Hekalu la Jino huko Kandy: lilijengwa kwa ajili ya waumini au kwa ajili ya mfalme?

Mkazi wa Isamilo
Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Mwanza. Ninawaandalia vijana wa kikundi chetu cha ufundi ujenzi maelezo kuhusu majengo ya ibada yaliyo kando ya maziwa, nami nimevutiwa na Hekalu la Jino la Buddha lililoko Kandy, Sri Lanka. Katika picha, hekalu, ikulu ya zamani na ziwa vimekaribiana kiasi kwamba sitambui kipi kilitangulia. Na lile jengo la pembe nane lililo mbele lina kazi gani katika ibada?

Mzee wa Kisesa
Ndugu yangu, anza na jino, kwa kuwa majengo yalilifuata. Wasinhala, watu walio wengi Sri Lanka, waliamini kwamba anayelimiliki jino ndiye mwenye haki ya kutawala; hivyo mji mkuu ulipohama, nalo lilihamishwa na kujengewa hekalu jirani na ikulu. Sisi wa Usukumani, tunaozijua ngoma za utemi zinazotunzwa Bujora, hatupati taabu kulielewa jambo hili. Huko Kandy, Mfalme Vimaladharmasuriya wa Kwanza (1592–1604) alilijengea jino hekalu la ghorofa mbili, lakini jengo la ndani lililopo leo ni la Vira Narendra Sinha, aliyetawala kuanzia 1707 hadi 1739. Muumini halioni jino lenyewe: limo ghorofa ya juu, ndani ya vikasha saba vya dhahabu vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, na ibada hufanyika mara tatu kwa siku huku ngoma zikirindima ukumbi wa chini.

Jengo la pembe nane, Pattirippuwa, halikuwa la ibada hata kidogo. Mfalme Sri Vikrama Rajasinha alilijengesha mwaka 1802 ili ahutubie watu akiwa humo. Siku hizi ni maktaba ya miswada iliyoandikwa juu ya majani makavu.

Fundi wa Mkuyuni
Niongeze kuhusu ziwa, maana sisi wa huku tukisikia neno hilo tunafikiria Nyanza, yaani Ziwa Victoria. Lile la Kandy ni la kutengenezwa na watu: mfalme huyohuyo aliziba bonde la mashamba ya mpunga mwaka 1807. Vijana waonyeshe pia ukuta mweupe wa mbele, ambao sehemu yake ya juu imepinda kama mawimbi, na mwilini una vishubaka vya pembetatu vya kuwekea taa za mafuta wakati wa sherehe. Kwa maoni yangu, ukuta huo unafundisha zaidi kuliko paa la dhahabu, ambalo liliongezwa mwaka 1987 tu.

Mkazi wa Isamilo
Ninawashukuru sana. Je, mfalme alipoondolewa, ni nani aliyerithi ulinzi wa jino?

Mzee wa Kisesa
Mkataba wa tarehe 2 Machi 1815, uliosainiwa katika ukumbi wa baraza la mfalme wenye nguzo za mbao zilizochongwa, uliwapa Waingereza ufalme, nao wakaahidi kuilinda dini ya Buddha. Uasi ulipozuka mwaka 1817, jino lilitoroshwa. Waingereza walipolipata tena mwaka uliofuata, wengi waliona kwamba uasi umekwisha nguvu. Baadaye ulinzi ulirudishwa mikononi mwa watawa wa Malwatte na Asgiriya, nyumba mbili za watawa za Kandy, pamoja na msimamizi asiye mtawa aitwaye Diyawadana Nilame, na utaratibu huo unaendelea hadi leo.