Tupeane uzoefu: gari la kuvuta tela, tubaki na dizeli au tuhamie umeme?

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kuhamisha boti. Fiberi za futi 18 mpaka 23, ukiweka na tela na injini yake ya nyuma unakaribia tani mbili. Njia zangu ni zilezile: Kunduchi kwenda Msasani, Msasani kwenda Kigamboni kupitia Daraja la Nyerere, mara mojamoja Bagamoyo. Gari ni pikapu ya dizeli ya gia za mkono na limeshachoka. Nataka kubadilisha, na sitaki kukosea kwa sababu ndilo linalolisha nyumba.

Kilichonifanya nianze kufikiria umeme ni siku moja pale Kunduchi nikitoa boti majini, maji yamekupwa sana. Maji yakikupwa, ile sehemu ya chini ya mteremko wa zege wa kushushia boti, yenye ukijani, inabaki wazi, na ndipo tairi za nyuma zilipokuwa. Nikaweka namba moja, nikaachia klachi polepole, tairi la kushoto likaanza kuserereka. Nikaongeza mafuta. Harufu ilitangulia, moshi ukafuata. Vijana wakatupia magunia chini ya tairi, wengine wakasukuma tela, tukapanda. Boti ilitoka, klachi ikaishia palepale. Siku mbili gereji, na mteja wa Bagamoyo akatafuta mtu mwingine.

Mota ya umeme haina klachi, na nguvu yake ya kuzungusha inaitoa yote tangu tairi halijasogea. Dizeli lazima uipandishe mzunguko kwanza. Kwa mtu anayeng'oa mzigo kwenye maji, tofauti hiyo si ndogo. Lakini nikisoma makaratasi nakwama: Hilux mpya ya umeme iliyotangazwa 2025 ina betri ya yuniti 59 (kilowati-saa, kama zile za mita ya nyumbani) na inaruhusiwa kuvuta kilo 1,600 tu, wakati mwenzake wa dizeli anavuta 3,500. Boti zangu nyingi hazimo humo.

Aliyevuta kwa umeme, aliyevuta kwa dizeli, aliyerudi nyuma, karibuni. Naomba mlichokiona kwa macho yenu.

Dereva Tunduma

Mdogo wangu, mimi nimevuta semi, lori refu la tela, Dar–Tunduma miaka 19, kwa hiyo nitasema ya semi.

Kinachonitamanisha kwenye umeme ni mteremko, kupanda hata sikuwazii. Ukitoka Zambia na shaba, ukifika mlima Kitonga unaweka namba ndogo mapema, unategemea breki ya injini, mguu unaugusa na kuuachia. Breki zikishika moto pale huna mahali pa kukimbilia. Niliwahi kusimama chini, Ruaha Mbuyuni, utingo akamwaga maji kwenye ngoma ya tairi, mvuke ukapanda mpaka juu ya turubai. Nilikaa pale saa nzima mikono inatetemeka. Sasa naambiwa gari la umeme likishuka, mota inageuka dainamo: inakamata gari na papo hapo inarudisha chaji kwenye betri. Mlima ule ule ulioninyima usingizi unanilipa. Hiyo ningeipokea hata kesho.

Ila kuna mizani. Kikomo chetu Afrika Mashariki ni tani 56 gari na mzigo wake, na kwenye mizani ya Vigwaza hawakuulizi kama uzito ni wa shaba au wa betri. Kila tani ya betri ni tani ya mzigo uliyoiacha bandarini. Halafu ni kilomita 900 na zaidi. Mimi nabaki na dizeli mpaka nione pa kuchajia njiani, tena pa kuingia na tela bila kulikata, yaani kulifungua.

Mbongo Houston

Hilo la kukata tela limenikuta. Huku Texas rafiki yangu ana pikapu ya umeme yenye betri ya yuniti 130 hivi. Tukaikodishia nyumba ya tela, tukaenda San Antonio na familia, kama kilomita 320. Tupu, gari lile linazidi kilomita 480. Na tela, tulipofika katikati ya safari chaji ilishatuambia tusimame. Kituo chenyewe kimejengwa kama maegesho ya supamaketi, unaingiza pua tu. Tukalifungua tela, tukaliacha pembeni na watoto na mama yao wakililinda, tukachaji, tukarudi kulifunga. Jua la Agosti.

Lakini mkuu wa boti, sikiliza hili. Nguvu haikupungua hata dakika moja. Kuingia barabara kuu lile gari lilikuwa linavuta kana kwamba hakuna kitu nyuma. Chaji ililiwa na upepo. Nyumba ya tela ina kifua kipana kama basi, na kwa kilomita 100 kwa saa unasukuma ukuta wa hewa safari nzima. Boti yako iko chini na pua yake imechongoka, na hapo Dar na foleni zile hufiki hiyo kasi. Hesabu yako itakuwa nzuri kuliko yetu.

Mstaafu wa Karakana ya Reli

Wanangu, kwenye kuvuta, umeme ulishashinda zamani. SGR, reli mpya ya kisasa, ya kwenda Dodoma inavutwa na umeme tangu 2024, na inaweza kwa sababu haibebi betri, nyaya ziko juu yake njia nzima. Tatizo halijawahi kuwa mota. Tatizo ni wapi unauweka huo umeme.

Hata vichwa vya dizeli mnavyoviona TAZARA, reli ya kwenda Zambia, dizeli haigusi magurudumu. Injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Nimezifungua mota hizo kwa mikono yangu, nikasafisha brashi zake, nikazirudisha. Tulifanya hivyo kwa sababu huwezi kuunganisha injini kubwa namna ile na behewa 20 zilizosimama kwa klachi, itaungua kama ya kijana wa Kunduchi.

Ndiyo maana sikushangaa Desemba 2025 Ford waliposema pikapu yao ya umeme mtupu, Lightning, wanaiachia njia na ijayo itabeba injini ya mafuta ya kuzalisha umeme safarini. Ram, watengeneza pikapu wenzao wa Marekani, walishashika mkondo huo kabla yao. Wamerudi kwenye kichwa cha treni. Kwa wanaovuta mbali, mimi naamini huko ndiko mambo yanakoelekea.

Brekidauni Mandela

Shikamoo mzee. Somo hilo nimelielewa.

Mimi navuta magari yaliyokufa. Mara ya kwanza kuitwa kwenye gari la umeme ilikuwa karibu na Tabata. Nikalinyanyua mbele kama kawaida, nikaanza kutembea, tairi za nyuma ziko chini. Sikufika mbali, mwenye gari akapiga simu anapiga kelele nisimame. Kumbe mota iko nyuma, na tairi zikizunguka inazalisha umeme wakati gari limezima, unaweza kuunguza vitu vya mamilioni. Tukasubiri gari la kitanda mpaka saa tatu usiku. Tangu siku hiyo gari la umeme kwangu linapanda juu lote, tairi nne.

Kuhusu gari langu lenyewe la kazi: kwa siku sivuki kilomita 70, na nusu ya mafuta yanaungua nimesimama, injini inanguruma ili winchi ifanye kazi au nimekwama Ubungo. Kwa mahesabu hayo umeme unanifaa. Kinachonizuia ni msimu wa mvua. Jangwani ikifurika simu hazikatiki usiku kucha, na siwezi kumwambia mtu aliyeko kwenye maji asubiri nichaji.

Dada wa Feri

Mimi sina tela, nina guta la umeme. Nachukua samaki Feri na barafu yake, napeleka wateja. Tupu linaenda kilomita 80, likijaa barafu halifiki 50. Nachaji nyumbani kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, na sijutii. Siku umeme ukikatika usiku, asubuhi hiyo samaki nawapandisha kwa bajaji ya mtu.

Fundi Tabata

Kaka wa boti, umeme utakuondolea klachi, nozeli, pampu na kubadilisha oili. Hautakuondolea maji ya chumvi. Wewe unaingiza nyuma ya gari baharini kila wiki. Nimefungua wayaringi za magari ya wavuvi, shaba ndani imekuwa unga wa kijani. Gari lolote utakalonunua, lioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo, chini mpaka juu, na uliza fundi wa umeme kuhusu soketi za chini kabla hujalipa.

Mwenye mada

Nawashukuru sana wote. Mzee wa reli, shikamoo, umenifungua macho.

Nimepiga hesabu kwa kutumia mlichosema. Lita ya dizeli ina nishati kama yuniti 10, lakini injini inafikisha kwenye tairi kama tatu na nusu, nyingine inapotea kwa joto. Kupata tatu na nusu hizohizo kwa mota nahitaji kama yuniti nne kutoka ukutani. LUKU ya elfu kumi inanipa yuniti 28, kwa hiyo nne ni kama shilingi 1,430. Dizeli nikiihesabu 2,800 kwa lita, umeme ni nusu. Ila tenki la lita 80 linanipa tairini yuniti 280, na hakuna pikapu ya umeme ninayoimudu inayokaribia hapo. Kunduchi–Kigamboni haihitaji tenki lote hilo. Bagamoyo kwenda na kurudi ndiyo inaniumiza kichwa.

Jamaa yangu ana BYD Shark, ile mseto ya kuchaji, inaruhusiwa tani mbili na nusu. Amekubali kuniazima Jumamosi. Maji yanakupwa saa nne asubuhi. Nitaivuta boti ile ile, pale pale kwenye ukijani, kisha mpaka Kigamboni kwa umeme tu bila kuwasha injini kama itaruhusu. Nimeshapiga picha mita ya LUKU. Jumapili nitaleta namba hapa, na Fundi, nitaiosha.