Ushauri: Shamba la babu kijiji kilichukua enzi za Operesheni, jina linaweza kuwa ushahidi?

MjukuuWaDreva: Wakuu, habari za jioni. Nina shamba la urithi huku Kongwa, kama ekari nne. Wazee wanaliita Kwa Dreva, maana babu aliendesha trekta la Waingereza enzi za mradi wao wa karanga. Operesheni Dodoma ya 1971, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilipokuja, kijiji kikalichukua, likawa shamba la ujamaa na jina likageuka, Bega kwa Bega. Nataka kulikatia hati ya kimila. Je, jina la zamani linasimama kama ushahidi? Nina haraka kidogo.

MzeeWaKibaigwa: Umenikumbusha mbali, mjukuu. Na sisi kijijini kwetu tulikuwa na Bega kwa Bega. Katibu anakaa kivulini na daftari la mahudhurio, wewe jembe mkononi, jua la utosi. Ukikosa, faini ni kuku. Mtama ulivunwa, ulikoenda hadi leo sijui.

NusuHakimu: Haraka ya nini? Na sasa hivi hapo pana nini?

MjukuuWaDreva: Vijana wanacheza mpira. Ila magoli yenyewe ni ya miti tu, si ya kudumu.

NusuHakimu: Kumbe ni uwanja wa kijiji! Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo.

BintiMpwapwa: Uzeni kila kitu, kesho mtalalamika watoto wanashinda kwenye kubeti.

MjukuuWaDreva: Dada, nani kasema nauza?

BintiMpwapwa: Haraka yako ndiyo imesema.

KitabuChaSheria: Nijibu alichouliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, ilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya 1/1/1970 na 31/12/1977. Operesheni yenu imo humo. Ni kweli 1994 Mahakama ya Rufani, kesi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, ila sheria hii imekuja baada ya hapo. Kama eneo ni la matumizi ya wote, halmashauri ya kijiji haiwezi kukumegea bila mkutano wa kijiji kuridhia. Kuhusu jina: mradi wa karanga ulianza 1947, 1951 ukafa, udongo wa Kongwa kiangazi unakaza kama saruji. Jina linathibitisha babu aliendesha trekta pale. Shamba lilikuwa la nani, halisemi.

MjukuuWaDreva: Lakini babu alilima mwenyewe baada ya Waingereza kuondoka! Na mimi nataka nusu tu, upande wa kusini, hata goli haliguswi. Kuna mtu wa Dodoma mjini ameshatanguliza advansi, milioni mbili. Sijauza, nimepokea tu.

Kipusa_Original: "Sijauza, nimepokea tu." Binti bado yupo kwao, mahari tumeshakula 😂

NusuHakimu: Iko wapi hiyo hela?

MjukuuWaDreva: Nimenunua mabati. Nyumba ya mama ilikuwa inavuja, mlitaka nifanyeje?

Kipusa_Original: Wakuu, subirini. Huyu kwenye uzi wa samaki alisema babu yake alikuwa mvuvi Mtera. Leo dreva. Hii chai, tena ina tangawizi.

MjukuuWaDreva: Yule ni babu mzaa mama!

BintiMpwapwa: Dalali huyo, anapima upepo. Weka picha ya uwanja.

MjukuuWaDreva: Simu yangu ya tochi, naandikia ya shemeji. Ila aliyewahi kufika anajua: nyuma ya goli la kaskazini kuna mkwaju, umening'inizwa diski ya plau la trekta, kutu tupu. Mechi ikiisha refa anaigonga kwa nondo.

MzeeWaKibaigwa: Hata kwetu ilikuwepo. Ikilia alfajiri unajua leo zamu ya shamba. Huyo hadanganyi.

Kipusa_Original: Mzee, hiyo ni diski ya kwenu. Diski zilizagaa Kongwa nzima.

NusuHakimu: Dreva awepo asiwepo, advansi ni deni. Mwenyekiti anajua?

MjukuuWaDreva: Mwenyekiti ndiye aliyenitafutia mteja.

KitabuChaSheria: Duh. Basi mwenyekiti peke yake si mkutano wa kijiji. Mrudishie mtu hela yake mbele ya mashahidi, muandikishane.

MjukuuWaDreva: Mabati yameshapigwa misumari, mkuu. Akikubali kidogo kidogo inaruhusiwa?