Tupeane uzoefu: Kuosha na kutunza rangi ya gari nyumbani hapa Tanga

Mwana wa Sahare (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kuosha gari nyumbani na kuilinda rangi yake. Tuzungumzie Tanga hii hii tunayoishi. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa na watu wanaopambana na theluji na chumvi inayomwagwa barabarani. Sisi chumvi yetu inaletwa na upepo, hata kwa gari ambalo halijawahi kukanyaga mchanga wa ufukweni. Unalilaza Raskazone au huku Sahare likiwa safi, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo kinanata.

Msimamo wangu nauweka mapema ili atakayenipinga anipinge vizuri: magari mengi ya hapa mjini yanaharibiwa na kufutwa kuliko yanavyoharibiwa na uchafu. Mtu anaamka, anaona vumbi, anachukua kipande cha kanga au fulana kuukuu, anapitisha juu ya boneti kavu, anaondoka kazini roho imetulia. Lile vumbi lina chembe za mchanga ndani yake, na chini ya kitambaa zinafanya kazi kama msasa. Gari la namna hiyo likisimama juani, hasa jeusi au la bluu iliyokolea, tazama boneti: utaona vimistari vyembamba vimeuzunguka mng'ao wa jua. Barabara haikuvileta. Vimeletwa na mkono wa mwenye gari.

Rangi ya kiwandani ina tabaka: praima (rangi ya msingi inayoshika bati), rangi yenyewe, kisha kliya juu, ambayo haina rangi. Kliya ndiyo inayong'aa na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu ni kama 70. Ukikwangua unakula humo humo, na kliya haioti tena.

Kwa hiyo mimi maji ndiyo yanayotangulia, mkono unafuata. Naanza na mpira wa maji kutoka paa kwenda chini mpaka mchanga ushuke wenyewe. Ndipo naingia na ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia glovu kabla sijairudisha kwenye shampuu. Paa kwanza, boneti, milango nusu ya juu, halafu chini. Rimu zina kitambaa chake na hakigusi kitu kingine. Kukausha ni taulo la maikrofaiba, nalilaza na kulivuta taratibu bila kusugua. Naosha asubuhi mapema au baada ya alasiri, bati likiwa limepoa.

Karibuni. Kila mtu aseme na mtaa anaolaza gari, kwa sababu adui wa Pongwe si adui wa Chumbageni.

Mstaafu wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Nimeishi karibu na bahari maisha yangu yote ya kazi, na nakuunga mkono kuhusu kufuta. Ila umeishia juu. Kwetu huku gari linaanza kuoza chini na ndani ya milango, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.

Chumvi inavuta unyevu wa hewani. Asubuhi za huku hewa imejaa maji, kwa hiyo panapokaa chumvi panabaki na majimaji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Na maji ya chumvi yanaharakisha kutu kuliko maji matupu. Sasa chukua tochi, piga magoti, tazama ukingo wa chini wa kila mlango. Kuna vitundu. Kazi yake ni kutoa maji yanayoingia kupitia kwenye mpira wa kioo. Vikiziba kwa vumbi na majani, maji yanalala ndani ya mlango, na siku utakayoona kipele cha kutu kimechomoza nje ujue ndani kumekwisha kuliwa siku nyingi.

Mimi navizibua kwa njiti ya fagio la chelewa. Inapenya vizuri, haikwaruzi, na ukiizungusha kidogo utaona maji ya kahawia yanadondoka na mchanga wake. Ukiona hivyo, fungua mlango, mwagia maji baridi kwenye ukingo mpaka yatoke masafi. Baada ya hapo acha milango wazi kivulini ikauke.

Na palipochubuliwa na kokoto, hata kama ni padogo kama punje ya mtama, pasafishe na upaguse kwa rangi ya kugusia. Usingoje mpaka zikusanyike.

Kijana wa Pongwe

Wakuu, huku kwetu malori ya saruji na chokaa yanapita usiku na mchana. Saruji ikitua kwenye gari halafu umande ukaja, ule mchanganyiko unaanza kushika pale pale kwenye rangi. Asubuhi unakuta vijipele vigumu vya kijivu. Ukisugua, unachora. Ukikwangua kwa ukucha, unachora zaidi.

Nilichojifunza kwa fundi mmoja mzee: kabla haijashika, maji mengi sana bila kugusa. Si ndoo moja ya kubana matumizi, maana maji kidogo ndiyo saruji inayoyataka. Ikiwa imeshika, siki nyeupe. Nachanganya nusu siki nusu maji, nalowesha kitambaa laini, nakilaza juu ya kipele dakika chache bila kukiacha kikauke, nainua, nasuuza, narudia. Saruji ni kali upande wa alkali, siki ni asidi, kwa hiyo inalainika yenyewe na kuachia. Nikimaliza naosha gari zima kwa shampuu na kupaka waksi upya pale nilipoweka siki, kwa sababu nayo inapunguza waksi iliyokuwepo.

Dada wa Duga

Samahani kaka, siki hii hii ya kachumbari?

Kijana wa Pongwe

Hiyo hiyo dada, ilimradi ni nyeupe isiyotiwa rangi wala viungo. Usiipake gari likiwa na joto, na usiiache kwenye chuma kilichochubuka. Suuza mpaka harufu iishe.

Mama Noah wa Chumbageni

Hamjambo jamani. Adui yangu mimi yuko juu ya mti. Kivuli chote cha mtaani kwetu ni cha mwembe na mkungu, na kunguru wa shingo ya kijivu wanalala humo humo. Juani gari linaungua, kivulini linachafuliwa. Nimechagua kivuli, ila kwa masharti.

Kinyesi cha kunguru hakisubiri Jumamosi. Kina asidi, na jua la saa sita likipiga, kliya inapata joto na kulainika huku kinyesi kikikauka na kujikunja juu yake. Kinaacha alama iliyozama ambayo shampuu haiiondoi. Nina ndugu yangu ambaye gari lake lina alama ya namna hiyo kwenye boneti, umbo lote la tone linaonekana ukikaa upande wa jua.

Kwa hiyo kwenye gari nina chupa ya maji na vitaulo viwili vya maikrofaiba ndani ya mfuko wa nailoni. Nikikuta kinyesi nalowesha kitaulo chapachapa, nakilaza juu, naingia dukani kununua vitu vyangu, nikirudi kimelainika. Nakiokota kwa kukunja kitaulo kwa ndani. Sikiburuti. Watoto wangu wote wanajua hii, hata mdogo.

Utomvu wa mwembe ndio mbaya zaidi, na majira ya maembe unadondoka kila siku. Ule mbichi unatoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu. Ukishakauka naombeni msaada, hapo nimeshindwa.

Fundi Rangi wa Makorora

Mama, utomvu uliokauka tumia spiriti ya kusafishia, weka kidogo kwenye pamba, bonyeza juu ya tone, subiri lilainike, ondoa, kisha osha na waksi juu. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, hasa kama gari limewahi kupigwa rangi mtaani, kwa sababu baadhi ya rangi hizo hazihimili. Petroli na thina viacheni kwangu gereji.

Nimesoma yote, na nina mambo ya kuongeza kwa sababu kazi hizi zinaishia mikononi mwangu.

Sabuni ya unga. Wengi wanaosha gari kwa sabuni ya kufulia kwa kuwa ina povu. Imetengenezwa ivunje mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inavunja na waksi uliyopaka, na punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Ukitaka kujua kama waksi yako bado ipo, mwagia maji boneti safi. Yakisimama matone matone ya duara, ipo. Yakitandaa na kulala, hakuna kitu pale.

Oili ya breki. Hii naomba muishike. Ikidondoka kwenye fenda wakati wa kuongeza, inakula rangi mpaka praima. Nimeletewa gari ambalo fundi aliidondosha, akaifuta kwa kitambaa akadhani amemaliza, kesho yake rangi ilikuwa imevimba na kujikunja, ukigusa kwa kidole inatoka nyama nzima. Oili ya breki za kawaida, DOT 3 na DOT 4, inachanganyika na maji. Ikidondoka tu, mwagia maji mengi papo hapo, halafu shampuu. Kabla ya kufungua kifuniko tandaza taulo lililoloweshwa juu ya fenda.

Kleibari. Huu ni udongo laini wa kunyofoa vitu vilivyoganda ambavyo kuosha hakuvitoi. Baada ya kuosha, vaa mfuko wa nailoni mkononi, pitisha vidole juu ya boneti. Ukihisi vichembechembe, ndivyo hivyo. Unapuliza maji ya shampuu, unapitisha udongo kwa mkono mwepesi, unaukunja upate upande safi. Ukianguka chini, utupe hata kama ni mpya. Na Kijana wa Pongwe, wewe usiutumie kabla siki haijamaliza kazi, utaburuta saruji juu ya rangi.

Bafingi, yaani kung'arisha rangi kwa mashine na kompaundi, kila mwezi hapana. Kompaundi inang'arisha kwa kumenya kliya. Mtu anakuja kila sikukuu anataka gari ling'ae, na mimi namkatalia, kwa sababu siku kliya ikiisha hakuna mashine itakayoirudisha. Na anayetaka seramiki, ile dawa inayopakwa ikakauka kuwa tabaka gumu la kinga, aondoe mikwaruzo kwanza, maana seramiki inafunika kilichopo, kizuri na kibaya.

Msafiri wa Muheza

Mimi napandisha Amani mara kwa mara. Ule udongo mwekundu ukikaukia ndani ya madigadi unashika maji wiki nzima, kwa hiyo nikishuka naanza na matao ya magurudumu kabla ya kugusa kitu kingine. Mashine ya presha naishika mbali kidogo, hasa kwenye bampa iliyowahi kupigwa rangi, nimeona ikibandua kipande kizima. Madoa ya lami natoa kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, kisha shampuu mara moja.

Turubai la kufunikia nimeliacha. Upepo wa kusi unalipigapiga, mchanga umeingia chini yake, na kona zote za gari zimefifia pale linapogusa.

Mdau wa Mikanjuni

Kwetu maji ya kisima yana chokaa. Likikauka juani gari zima linabaki madoa meupe ya duara. Siku hizi naoshea ya kisima, nasuuzia ya bomba, na nakausha paneli moja kabla sijahamia nyingine. Madoa ya zamani yalitoka kwa siki ile ile ya Pongwe.

Mwana wa Sahare

Mzee wa Raskazone, jioni hii nimepiga magoti na tochi. Mlango wa nyuma kushoto vitundu vyote vilikuwa vimeziba. Asante sana. Na Mama Noah, hicho kitaulo cha maji ndani ya gari nakichukua kama kilivyo.

Dada wa Duga

Fundi, swali la mwisho. IST yangu nyeupe paa limeanza kubabuka, ngozi nyembamba inatoka kama maganda. Nipake waksi au nifanye bafingi?

Fundi Rangi wa Makorora

Vyote viwili hapana dada. Hiyo ngozi ni kliya inaachia. Waksi haina cha kushika pale, na bafingi itaipanua. Dawa yake ni kupiga msasa paa zima na kupaka rangi na kliya upya, na ufanyie kwenye chumba cha kupigia rangi au banda lililofungwa, si barabarani kwenye upepo wa chumvi. Mpaka upate nafasi, liegeshe kivulini, waambie waoshaji wasielekeze presha kwenye kingo za palipobabuka, na usimruhusu mtu yeyote kumenya hizo ngozi kwa kucha.