Besi ikikaa sawa kwangu, kwenye gari inafunika maneno. Nianzie wapi?

Mpiga_Kinanda: Wakuu, habari zenu. Narekodi nyumbani kwa maiki moja na spika ndogo mbili za studio. Nikimiksi (nikichanganya sauti na ala), besi nasikia imekaa. Nikisikilizia kwenye gari inavuma hadi maneno yanazama. Nikiipunguza, kwenye simu wimbo unakuwa mwembamba na zile "s" za mwimbaji zinachoma masikio. Ninunue spika kubwa?

FundiMawimbi: Usinunue kwanza mkuu. Chumba kina ukubwa gani, na kiti chako kiko wapi?

Mpiga_Kinanda: Mita 3 kwa 4. Nakaa katikati kabisa.

FundiMawimbi: Basi chanzo kimojawapo ni hicho. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta zilizoachana mita 3, masafa ya karibu Hz 57 (mitetemo 57 kwa sekunde, besi ya chini) yanajirudia na kujijenga. Ukutani yanajaa, katikati yanakaribia kupotea. Wewe umekaa palepale yanapopotea, unaona besi haitoshi, unaongeza. Gari halina kosa, linakuonyesha ulichoongeza. Tazama ukuta mfupi ili spika zipige kwa urefu wa chumba, kisha sogeza kiti mbele kidogo ya katikati. Spika ya kushoto na ya kulia ziwe umbali sawa na kuta za pembeni. Sponji nyembamba za ukutani hazigusi besi. Kinachosaidia ni vizuizi vinene vya sufu ya mawe kwenye kona.

BintiMiksa: Naunga mkono, ila chumba pekee hakitammalizia. Ndugu, maiki nyingi za nyumbani huongeza besi mwimbaji akiikaribia mno, kwa hiyo sauti yake nayo imebeba uzito usiohitajika. Kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha masafa), kata chini ya Hz 80 au 100 kwenye sauti na gitaa, kisha punguza taratibu kati ya Hz 200 na 400, ndiko tope, yaani uzito unaofifisha maneno, linakokaa. Fanya hivyo ala zote zikiwa zinapiga. Ukiisolo, yaani ukiisikiliza sauti peke yake, utaipenda ikiwa nene, halafu ndani ya wimbo itazama tena.

Kiki (ngoma kubwa ya mguu) na gitaa la besi nazo zisigombee sehemu moja. Kiki ikitawala Hz 60, besi iachie hapo, ijitokeze kwenye 100.

Mpiga_Kinanda: Asante dada. Na kwenye simu je?

BintiMiksa: Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 50 hata ukiongeza vipi. Weka sachuresheni (kuikwaruza sauti kidogo) kwenye besi, izalishe masafa ya juu yake: 100, 150, 200 na kuendelea. Sikio litaifuata noti kupitia hayo. Hizo "s" weka di-esa (kifaa kinachoshusha "s" zinapochoma tu) kati ya kHz 5 na 8, yaani Hz 5,000 na 8,000, usishushe trebo (sauti za juu) yote, utaua uhai wa wimbo.

Sikio_Makini: Naongeza la sauti ya kusikilizia. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupunguza besi, na trebo pia kwa kiasi. Ukimiksi usiku kwa sauti ya chini utaongeza vyote viwili. Chagua kiwango kimoja kinachoruhusu watu kuongea, ukae hapo. Na ukilinganisha na wimbo uliokwisha kutoka, ushushe kwanza ulingane na wako, kwa sababu wenye sauti kubwa mara nyingi utaonekana bora.