Nimeacha kazi leo, nimeletewa bili ya mandazi 212

NimechokaKabisa ameanzisha uzi:

Jameni, niko kwa matatu hapa Nyayo, foleni imekwama, mikono bado inatetemeka, kwa hivyo msinisahihishe tahajia. MANDAZI. Bosi wangu, mtu mzima, mwenye gari ambalo tairi zake zinanunua ploti Kitengela, amenisomea mandazi.

Simtaji. Mnamjua. Wale wa Mombasa Road mnamjua zaidi. Ni yule ambaye marashi yake hutoka kwenye lifti kwanza, halafu ofisi nzima inaanza kujifanya inachapa. Nusu ya Nairobi imepita pale, kwa sababu hakuna anayemaliza mwaka.

Asubuhi nimepeleka barua ya kuacha kazi. Barua ya heshima kabisa, nimeandika hadi "nashukuru kwa nafasi", uongo mtupu lakini ndivyo tulifunzwa. Miezi kumi na moja, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Nikadhani atatia sahihi, anitukane kidogo kama kawaida, niende zangu. Akaita mkutano. Watu wote. Wa mauzo, wa stoo, hadi yule fundi wa lifti ambaye sijawahi kumwona akiishika lifti.

Halafu akaagiza aletewe daftari. Daftari la kurasa 200, jalada la buluu, lile la kununuliwa mtoto mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa. Jalada lina alama za vidole vya mafuta. Kumbe miezi yote hiyo nikimwona Mama Chai na kalamu nikidhani anapiga hesabu za chama, alikuwa ameagizwa atupigie vistari! Kila mtu na ukurasa wake, vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yake. Simlaumu Mama Chai. Alikuwa anaangalia sakafu.

Madam akalowesha kidole, akafungua ukurasa wangu, akasoma kwa ile sauti ya matangazo ya vifo redioni: "Mandazi. Mia mbili. Na kumi. Na mbili."

Kabla sijameza mate: "Na tarehe kumi na nne alichukua MAWILI."

Mawili, jameni. Mbele ya yule dada wa akaunti ambaye nimekuwa nikijipanga kumsalimia tangu mwezi wa tatu. Na la pili halikuwa hata langu! Lilikuwa la soja wa getini, alikuwa ametoka zamu ya usiku na hajaweka kitu tumboni. Ningesema hapo, soja angepigwa bili pia. Nikanyamaza kama mwizi wa kuku.

Nikapewa karatasi. Mafunzo 60,000. Chai 3,180. Mandazi 4,240. Kamba ya kitambulisho 1,000. Jumla 68,420. Mshahara wangu ni 27,000, na hapo KRA wa kodi, SHA wa bima ya afya, NSSF wa pensheni na ushuru wa nyumba hawajapitia, na HELB wa mkopo wa chuo wako mlangoni wanabisha. Halafu mandazi la shilingi ishirini! Mama Chai huyatoa stejini kwa kumi, nimeona kwa macho yangu. Yaani mwajiri wangu ameniuzia mandazi kwa faida.

Hayo "mafunzo" yalikuwa siku mbili Naivasha. Nilibeba bango, nikapanga viti, nikalala chumba kimoja na katoni za maji. Nilichofunzwa ni kwamba projekta ikigoma unaizima halafu unaiwasha.

Kinachoniuma ni kwamba nilitia sahihi. Kipengele cha 14: atakayeondoka kabla ya miezi 24 "atarejesha gharama zote za kumjenga". Nilitia sahihi nikiwa nimesimama mapokezi, mama yuko kwa simu anashukuru Mungu, na kalamu nimekopa kwa huyo huyo soja. Kumjenga! Nimejengwa kwa mandazi!

Sasa nauliza, wanaweza kunishika? Wanaweza kukalia mshahara wangu? Na zaidi ya yote, mtu anasomaje MAWILI mbele ya watu?

---

BabaWatatu_Umoja: Mandazi 212. Buda, hiyo si kazi uliacha, umetoroka hoteli bila kulipa.

NimechokaKabisa: Ni moja kwa siku!! Piga hesabu!!

BabaWatatu_Umoja: Nimepiga. Na siku moja mawili.

WakiliBilaKoti: Ndugu, tulia. Sheria ya Ajira ya 2007: ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako umeweka muda mrefu zaidi. Ama unawalipa hela ya hizo siku unaenda leo. Hakuna mahali mtu anafungwa kamba kwa dawati. Kifungu cha 19 kinasema ni nini kinaweza kukatwa kwa mshahara, na hata vyote vikijumlishwa visizidi theluthi mbili. Mandazi sikuyaona humo. Cheti cha kazi, kifungu cha 51, ni haki yako hata kama mmeachana mkitukanana. Penye kazi ni hapo kwa mafunzo: kama kweli walikulipia kozi na ukatia sahihi, wanaweza kudai, lakini watoe risiti. Kubeba bango si kozi. Chukua hiyo karatasi yao uende nayo ofisi ya leba. Usiikunje.

NimechokaKabisa: Nimeikunja. Iko kwa soksi.

ShangaziWaKayole: Pole mwanangu. Lakini kuna kitu umeruka. Huyo dada wa akaunti alicheka ama hakucheka?

NimechokaKabisa: Alikuwa anakohoa, shangazi.

ShangaziWaKayole: Alicheka.

MzeeWaStoo: Nilifanya kazi hapo 2019. Wakati huo daftari lilikuwa la sukari. Vijiko. Mimi niliondoka na deni la vijiko, sijawahi kulipa, na bado niko hai.

KondaMstaafu: Nyinyi wa ofisi mnalia mandazi. Mimi bosi alinikata siku nne kwa kioo kilichovunjwa na abiria, na abiria mwenyewe alikuwa shemeji yake. Mkataba wangu ulikuwa mdomo. Ungepeleka mdomo ofisi ya leba?

WakiliBilaKoti: @KondaMstaafu, ungepeleka. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba.

KondaMstaafu: Sasa unaniambia leo na nimestaafu.

Ticha_BilaChaki: Afadhali nyinyi. Mimi shule moja ya kibinafsi ilishika cheti changu halisi cha chuo, ati "kwa usalama". Mwaka mzima na nusu. Nilikipata siku ya mkutano wa wazazi, nilijifanya natafuta chaki kwa kabati la mkuu. Kilikuwa chini ya birika, kina duara la chai juu ya jina langu. Hadi leo nikienda mahojiano naulizwa hiyo duara ni muhuri wa nani.

BabaWatatu_Umoja: Hiyo ndiyo hadithi. Anzisha uzi wako, huyu wa mandazi tumemaliza.

NimechokaKabisa: Hamjamaliza! Amesoma MAWILI kwa sauti!

MpangajiPipeline: Bosi ni nani kwa mwenye nyumba? Wangu hufungua maji saa tisa usiku, dakika kumi, halafu anaandika nani alichota ndoo ngapi. Yeye pia ana daftari. Nimeanza kudhani ni moja.

Mpwani_Nairobi: Samahani, mie nina swali jingine. Mandazi ya huku yana nini hasa? Hayana iliki, hayana tui, ni mkate tu uliotiwa mafuta ukakasirika. Aliyeyala 212 ndiye alipwe fidia.

BabaWatatu_Umoja: Wameanza watu wa mahamri.

Mpwani_Nairobi: Hamri na mbaazi saa moja asubuhi, kisha ndio urudi hapa kunambia umekula kitu.

ShangaziWaKayole: Mandazi hayahitaji iliki. Yanahitaji mtu asiyekuwa na haraka. Mnaumua dakika tano halafu mnalaumu unga.

NimechokaKabisa: Jameni naomba turudi kwa kipengele cha 14. Nimefika Kencom na simu iko asilimia sita.

Mpwani_Nairobi: Dakika tano?? Unga unaumuliwa usiku kucha, shangazi, au mwatumia ile poda?

ShangaziWaKayole: Poda ni ya wavivu.

MzeeWaStoo: Mkewe fundi wa lifti hutengeneza mazuri sana. Ndiyo maana yule fundi hana haraka.

JikoLaMamaTwo: Habari zenu wapendwa. Nauza mandazi kwa jumla, niko Umoja One karibu na stage, ya iliki na ya kawaida, kuanzia hamsini nakuletea ofisini. Shilingi nane moja.

NimechokaKabisa: NANE??

MpangajiPipeline: Unafika Kitengela?