Naomba ushauri: Probox au Outback ya kumtoa mama kabla ya mafuriko?

Habari zenu wakuu, na shikamooni kwa wakubwa. Nyumbani ni Muhoro, Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 tulimtoa mama kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, kiti chake cha magurudumu tukakiacha kinaelea uani. Sitaki kurudia.

Nina milioni 14, gari la mkononi. Tatizo kubwa ni ile barabara ya udongo kabla hujaikuta lami ya Kibiti–Lindi. Ikinyesha siku mbili, inateleza kama mlenda.

Nimeangalia Probox yenye 4WD (inavuta magurudumu yote manne): spea zipo kila kona, siti za nyuma zikilala kiti cha mama kinaingia bila kukunjwa. Subaru Outback iko juu zaidi na inashika barabara, lakini fundi wangu akisikia Subaru anakuna kichwa. Yeye anashauri Probox, tuiwekee spesa (vipande vya kuongeza kimo cha gari kwenye springi), springi ngumu na keria. Mwingine kaniambia spesa ndefu zinamaliza sivi joint (viungio vya ekseli vinavyozungusha magurudumu) mapema. Nimwamini nani?

Sina mpango wa kuvuka maji yanayotembea, hata sentimita 60 zinabeba gari. Nataka kuondoka mapema, kwenye tope.

Waliowahi kunyanyua Probox ya 4WD: spesa za inchi ngapi hazisumbui? Na kwa tope la mfinyanzi, nianze na matairi au kunyanyua?